Spesa: historia fupi ya kusukuma magurudumu nje

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki mbili hivi, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu likaingia jambo moja nililodhani nitalimaliza kwa dakika tano, kumbe likanila usiku mara tatu. Jambo lenyewe ni kipande cha alumini. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Ilianza hivi. Binamu yangu anayeishi Houston, Marekani, amenunua Tesla Model 3 Performance iliyokwishatumika, ya mwaka 2019. Gari la umeme, halina mlio, linaondoka kama limepigwa teke. Akanitumia picha nne na ujumbe: "Kaka, hebu tazama tairi zilivyojificha ndani ya madigadi kama kobe. Nataka kufunga spesa za milimita 20 kila gurudumu zitokeze. Wewe mwandishi unajua kuchimba mambo, nichimbie kama zina madhara."

Mimi si fundi. Lakini neno spesa lilinishtua, na sababu yake ni hii.

Nikiwa darasa la sita, mjomba alikuwa na Toyota ndogo aliyoipenda kuliko kitu chochote. Gereji moja, ambayo sitaitaja jina, ilimfungia spesa nyuma ili gari "lisimame vizuri". Siku ya nne tulikuwa tunatoka Dar kwenda Morogoro, mimi nimekaa mbele. Tulipokaribia Mlandizi nikasikia mlio kama mtu anagonga sufuria chini ya kiti. Mjomba akapunguza mwendo. Halafu nikaona tairi linatupita upande wa kulia, linakwenda peke yake, kwa adabu kabisa, kama abiria aliyechoka kusubiri. Lilivuka barabara likaingia kwenye genge la mama mmoja na kumwaga nyanya zote. Mama mwenyewe alikuwa ameinuka dakika hiyo kwenda kuchota maji. Hakuna aliyeumia. Mjomba alilipa nyanya, akakaa chini ya mwembe, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Kwa hiyo binamu aliponiuliza, sikuweza kumjibu "funga tu" wala "usifunge". Nilitaka kujua hiki kitu kimetoka wapi, na kwa nini watu wenye akili zao wamehangaika kwa zaidi ya miaka mia kusogeza magurudumu nje. Haya, twende pamoja.

Kwanza, kwa asiyejua: spesa ni kipande cha duara, mara nyingi cha alumini, kinachowekwa kati ya rimu na habu. Kikiwa na unene wa milimita 20, gurudumu linasogea nje milimita 20. Ukifunga pande zote mbili, upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia unaongezeka milimita 40. Basi, hakuna uchawi mwingine. Uchawi na balaa vyote vinatokana na hizo milimita.

Tuanze na gari la umeme lenyewe, maana wengi wanadhani limezaliwa juzi. Tarehe 29 Aprili 1899, pale Achères karibu na Paris, Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy alipanda gari lililoitwa La Jamais Contente, yaani "asiyeridhika kamwe", akafikia kilomita 105.88 kwa saa. Lilikuwa gari la kwanza la barabarani kuvuka kilomita 100 kwa saa duniani. Halikutumia petroli bali betri na mota mbili za umeme. Rekodi hiyo ilikaa hadi 1902, ilipovunjwa mjini Nice na gari la mvuke la Mfaransa Léon Serpollet. Petroli ilikuja miezi michache tu baadaye, mwaka huohuo.

Litazame gari hilo kwenye picha za zamani. Mwili umechongwa kama risasi ili ukate upepo. Lakini dereva ameketi juu kifua wazi, na magurudumu yote manne yako nje, yananing'inia chini ya risasi kama miguu ya mtu aliyepanda punda mfupi. Waliochonga mwili ule walielewa kuwa upepo ni adui wa kasi, ila hawakuwa na namna ya kuyaficha magurudumu. Shika hilo msomaji wangu, tutalirudia, kwa sababu ugomvi wa upepo na gurudumu ndio uliomfikia binamu yangu Houston miaka 120 baadaye.

Miaka ya 1930 Wajerumani walikuwa na tatizo jingine. Magari ya mbio ya Auto Union, yenye injini nyuma ya dereva, yalikuwa na nguvu nyingi kuliko tairi nyembamba za wakati ule zilivyoweza kushika barabara. Kwenye mashindano ya kupanda milima walifunga magurudumu mawili mawili kila upande wa nyuma, kama lori. Gurudumu la nje lilisimama mbali na habu. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Walitafuta mpira zaidi uguse ardhi.

Sasa njoo Detroit. Mwaka 1956 kampuni ya General Motors ilimkabidhi Semon Knudsen, aliyejulikana kwa jina la Bunkie, idara ya Pontiac. Pontiac wakati ule lilikuwa gari la wazee. Magari ya mwaka 1959 yalipochorwa, miili yake ilikuwa mipana sana, lakini chini yake kulikuwa na magurudumu ya chasisi ya zamani, yamejibana katikati. Gari lilionekana kama mtu mnene aliyesimama kwa visigino vilivyogusana. Knudsen hakupenda. Akaamuru magurudumu yasogezwe nje, na upana ukaongezeka kwa takriban inchi 5, yaani karibu milimita 127.

Wauzaji wakapewa neno la kutangazia: Wide-Track, nyayo pana. Jarida la Motor Trend likaipa Pontiac tuzo ya gari la mwaka 1959, na kufikia 1962 Pontiac ilikuwa ya tatu kwa mauzo Marekani, nyuma ya Chevrolet na Ford. Gari la wazee likawa gari la vijana. General Motors ilikuja kuifuta Pontiac baada ya tangazo la mwaka 2009, lakini ile picha ya gari lililotanua miguu ilikuwa imeshaingia vichwani mwa watu na haijatoka.

Hapa ndipo nilipopata jibu la kwanza la maana. Knudsen hakufunga spesa. Mainjinia wake walirefusha ekseli na kupanga upya mfumo wa chini ya gari ili uendane na upana mpya. Watu waliomwiga mitaani hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na hamu ileile na kipande cha chuma. Tofauti ya hayo mawili ndiyo tofauti ya gari lililobuniwa pana na gari lililopanuliwa.

Lakini tusiwe wepesi kuhukumu. Porsche, watu ambao hakuna anayewaita mafundi wa uchochoroni, waliweka spesa za nyuma kutoka kiwandani kwenye 911 Turbo ya lita 3.3 iliyoanza mwaka 1978. Walikuwa na mwili mpana wa kujaza. Spesa zao zilikuwa za kipimo chao, na bolti ndefu za kuendana nazo. Kwa hiyo spesa yenyewe si dhambi.

Mwaka huohuo wa 1978, Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa agizo kuhusu vifuniko vya magurudumu. Liliweka kwamba kuanzia nyuzi 30 mbele ya kitovu cha gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake, tairi lazima lifunikwe na mwili wa gari. Kwa nini serikali zijisumbue na madigadi? Kwa sababu tairi lililotokeza linarusha mawe na maji kwa wanaofuata nyuma, na linaweza kumkwaruza mwenda kwa miguu au mwendesha baiskeli. Ujerumani wakaenda mbali zaidi: spesa isiyo na hati ya ukaguzi inaweza kulifanya gari lipoteze kibali cha kutembea barabarani. Huko spesa inauzwa na karatasi zake. Kwetu inauzwa kwenye mfuko wa nailoni.

Na kuna wakati kiwanda chenyewe kinaacha pengo. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile "mkonga" tunayoijua vijijini, ilipofungwa injini ya V8 mwaka 2007, upana wa mbele uliongezwa ili injini ienee. Nyuma pakaachwa kama palivyokuwa, nyembamba kwa milimita 95. Kwenye mchanga magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za mbele. Yanachimba njia yake. Waaustralia wengi wakakimbilia spesa. Sidhani walikosea kulalamika. Walichobishana kwa miaka ni iwapo dawa yenyewe ni salama.

Turudi kwenye Tesla. Tesla ilianza na Roadster mwaka 2008, gari dogo lililojengwa kwa misingi ya Lotus Elise. Model S ikafuata 2012, Model 3 ikaja 2017, na Performance, lile toleo la wenye haraka, likaanza 2018. Lilipoanza lilitoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, kama kilomita 97, kwa sekunde 3.5. Lina uzito wa zaidi ya tani 1.8. Yaweke hayo mawili pamoja, kwa sababu nguvu yote hiyo inapita kwenye nati tano za kila gurudumu, na mota ya umeme haisubiri kupanda taratibu kama injini. Ukikanyaga, nguvu ipo.

Sasa kwa nini tairi zimejificha? Jibu ni lilelile la Achères. Magurudumu yanayozunguka ni moja ya sehemu zinazovuruga upepo zaidi kwenye gari. Gari la petroli likipoteza kidogo kwa upepo, unaongeza mafuta. Gari la umeme likipoteza, unapungukiwa kilomita kabla ya kuchaji tena. Ndiyo maana Model 3 za kawaida zilikuja na vifuniko vya plastiki juu ya rimu, na ndiyo maana magurudumu yamekaa ndani ya mwili. Kile binamu alichokiona kama kobe kilikuwa hesabu ya mtu. Jenatzy angekitamani.

Nikamwandikia binamu: "Unataka spesa kwa ajili ya nini hasa, uzuri au kukata kona?" Akajibu, "Vyote." Basi tukapiga hesabu.

Gari likikata kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama kinategemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini ukigawanya kwa upana kati ya magurudumu. Model 3 ina upana wa milimita 1,580. Ukiongeza 40 unapata 1,620, yaani nyongeza ya asilimia 2.5 tu. Pontiac ya 1959 iliongeza takriban asilimia 8. Isitoshe, Tesla ina betri nzito iliyolazwa sakafuni, kwa hiyo kitovu chake cha uzito tayari kiko chini. Ugonjwa ambao spesa inautibu, gari hili linao kidogo sana. Kwa kukata kona, atakachopata ni sawa na kuongeza punje ya chumvi kwenye sufuria ya harusi.

Na bei yake? Gurudumu likisogea nje, mkono unaolisukuma na kulivuta unarefuka. Beringi ya habu inabeba mzigo kwa pembe ambayo haikukusudiwa. Usukani nao unabadilika. Mainjinia wanapanga kwa makini mahali ambapo mstari wa kugeukia gurudumu unagusa ardhi, ukilinganisha na katikati ya tairi. Audi 80 ya mwaka 1972 ilisifiwa kwa sababu umbali huo ulipangwa ili breki zikishika upande mmoja zaidi, usukani ujirekebishe wenyewe. Spesa inausogeza umbali huo bila kumuuliza mtu. Milimita 5 huenda usizihisi. Milimita 20 utazihisi kwenye mashimo, na usukani utaanza kuvuta.

Lakini kilichonitoa jasho ni nati. Tesla hii inatumia studi za milimita 14 ambazo uzi wake una hatua ya milimita 1.5. Maana yake nati ikizunguka mara moja inasogea milimita 1.5. Ukiweka spesa nyembamba ya milimita 5 juu ya studi zilezile, unapoteza mizunguko zaidi ya mitatu ya nati. Ukiweka ya milimita 10 unapoteza zaidi ya sita. Nati bado itakaza, bado itatoa mlio wa kukaza, na fundi atafuta mikono akiamini kamaliza. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini na kukumbuka Mlandizi.

Spesa nene, kama hizo za milimita 20, zina studi zake zenyewe: unaifunga spesa kwenye habu kwa nati za kwanza, halafu rimu unaifunga kwenye spesa kwa nati za pili. Sasa badala ya viungo vitano kila gurudumu una kumi, na vitano vya ndani huvioni tena mpaka uvue tairi. Kila kiungo kinataka nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, Nm 175, kwa spana ya kupimia, si kwa kurukia spana kwa mguu. Baada ya kilomita mia hivi unakaza tena zote, za ndani na za nje, kwa sababu alumini mpya inajikalisha na nati zinalegea. Tundu la katikati la spesa nalo lazima likae kwenye habu bila kucheza hata chembe.

Na kuna mtego wa gari hili peke yake. Performance za miaka ya mwanzo, ikiwemo ya binamu, zilikuja na diski za breki zenye ukingo ulioinuka kuzunguka kitovu, uliotengenezwa kwa ajili ya rimu zake za inchi 20. Spesa ya kawaida ikiwekwa pale inakaa juu ya ukingo. Haigusi uso wa diski. Kwa macho imekaa. Ukikaza nati unaipinda kidogo kidogo, na siku moja inajibu.

Baada ya kuandika yote haya kwa binamu nilimpigia mjomba. Sijawahi kumwuliza kuhusu siku ile. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, hujambo mwandishi?" Nikamweleza habari ya Houston. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho sikukijua. Fundi wa gereji ile alimwambia arudi baada ya siku mbili akaziwe nati upya. Mjomba hakurudi. "Gari lilikuwa limependeza," akasema. "Nikaona kurudi ni kupoteza muda." Miaka yote hii mimi nilikuwa namlaumu fundi.

Nilimtumia binamu maneno hayo ya mjomba kama yalivyo, bila kuongeza ushauri. Alikaa siku tatu bila kujibu, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akaandika kwamba ameachana na milimita 20. Ametafuta rimu zenye ukubwa uleule, zilizochongwa kukubali ule ukingo wa diski, na zinazokaa nje kidogo zenyewe, milimita chache tu, bila kipande cha katikati. Zimemgharimu zaidi. Amelalamika sana kuhusu hilo.

Jumapili iliyopita akanipigia kwa video akiwa amechuchumaa kando ya gari, spana ya kupimia mkononi. Kilomita mia zilikuwa zimetimia. Akazipitia nati moja baada ya nyingine, na kila ilipotoa mlio aliitaja namba kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kumi na tisa zililia palepale alipozigusa. Ya ishirini, gurudumu la nyuma kulia, ilizunguka kama robo hivi kabla ya kulia.

Akanitazama kwenye simu. Mimi pia sikusema kitu. Akaikaza, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.

Wenye magari yaliyofungwa spesa huko mliko, kesho asubuhi kabla ya kuwasha, tafuteni spana. Na watu wa gereji, kama nimekosea mahali, kibaraza ni chenu, nikosoeni.